Namna ya kuipatia saluni ya nywele maoni mengi mazuri mtandaoni

Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo mtu aliyekatwa vibaya au aliyeunguzwa na dawa hubeba kosa hilo kichwani kwa muda mrefu. Ndiyo maana anayetafuta saluni mpya kwa simu yake huwa mwangalifu: hutazama nyota, hutazama idadi ya waliotoa maoni, hufungua picha, kisha husoma maoni kadhaa ya karibuni kabla ya kuamua kupiga simu. Saluni nyingi zenye mafundi hodari humpoteza mteja wa namna hii kwa sababu maoni yao ni machache, na mara nyingi ni machache kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaomba wateja waandike. Mteja aliyeudhika huandika bila kuombwa, ilhali aliyeridhika hulipa, huaga na kwenda zake.

Hesabu yenyewe inaonyesha umuhimu wa wingi. Saluni yenye maoni 10 ya nyota tano ikipewa moja la nyota moja, wastani wake hushuka hadi kama 4.6, iliyokuwa na maoni 100 ikipatwa na jambo hilohilo hubaki na 4.96. Anayetaka wastani wake usishuke chini ya 4.9 anahitaji wateja 39 wa nyota tano kwa kila mmoja aliyempa nyota moja. Hata hivyo, tano kamili isikukoseshe usingizi, kwa sababu msomaji akikuta sifa tupu bila dosari yoyote huanza kushuku kwamba waandishi wake ni ndugu wa mwenye saluni.

Kabla ya kumwomba mtu yeyote, hakikisha kwamba atakapobonyeza atafika mahali sahihi. Dai wasifu wa biashara yako kwenye Google, uthibitishe, kisha weka saa za kufungua, namba ya simu na picha za kazi mliyoifanya ninyi wenyewe. Tafuta jina la saluni kwenye ramani uone kama kuna wasifu wa pili ulioanzishwa na mtu mwingine, kwani maoni yaliyogawanyika mahali pawili hayamsaidii yeyote. Ukihama jengo, hariri anwani badala ya kufungua wasifu mpya na kuyaacha maoni ya zamani nyuma. Ndani ya wasifu huo utapata kiungo kinachompeleka mteja moja kwa moja kwenye sehemu ya kuandikia, pamoja na msimbo wa QR unaoweza kuchapishwa na kubandikwa kando ya kioo. Mteja asiye na akaunti ya Google hataweza kuandika hapo. Huyo usimsumbue kufungua akaunti, mwelekeze kwenye ukurasa wa saluni katika mtandao wa kijamii anaoutumia.

Jambo linalohitaji busara zaidi ni wakati wa kuomba. Kila msusi anaijua ile dakika ambapo kioo kidogo kinashikwa nyuma ya kichwa, mteja anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, halafu anatabasamu au ananyamaza. Akinyamaza, muulize kinachomkera na ukirekebishe kabla hajainuka kitini, kwa sababu ukingo uliokaa vibaya hurekebishwa kwa dakika chache hapo hapo, lakini ukiachwa utasomwa na watu usiowajua. Akitabasamu, au ukishamaliza kurekebisha kilichomkera, ndipo umweleze habari ya maoni, na anayemweleza awe yule aliyekuwa na kichwa chake mikononi kwa saa nzima, si mpokea fedha ambaye mteja hajazungumza naye. Maneno yasiwe mengi: «Dada, picha niliyokupiga kwa nyuma nitakutumia pamoja na kiungo cha kutoa maoni. Ukipata nafasi, tuandikie ulifanya mtindo gani na kichwa kinaendeleaje. Wenye nywele kama zako husoma kabla ya kuja.»

Picha hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Watu wengi hawajioni kisogoni, kwa hiyo ujumbe unaokuja na picha ya nywele zao hufunguliwa, hutazamwa na mara nyingi huonyeshwa kwa wenzao, wakati ujumbe wenye ombi peke yake hupita bila kusomwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga, na ruhusa nyingine tofauti ikiwa unakusudia kuiweka picha hiyo kwenye wasifu wa saluni.

Saa ya kuutuma ujumbe itegemee huduma. Aliyekatwa au aliyenyooshwa nywele kwa ajili ya sherehe atumiwe siku hiyohiyo, kwa sababu furaha yake iko juu na mtindo wenyewe haudumu. Aliyesukwa rasta afadhali asubiriwe siku mbili au tatu, kwani usiku wa kwanza ndio unaobainisha kama msuko umekaza kupita kiasi, na anayeshindwa kuulalia mto hawezi kusifu mikono ya mtu. Rangi hujulikana ubora wake baada ya kuoshwa mara ya kwanza. Mkumbushe mara moja tu baada ya wiki. Ukizidisha hapo, unageuka kero katika simu yake.

Usimwandikie mteja maneno ya kunakili wala kumwamuru idadi ya nyota. Kumuuliza swali mahususi kunatosha, kwa sababu maoni yanayosema «nywele zangu ni kipilipili kigumu, nilisukwa kwa saa nne na ngozi haikuuma» humleta mteja mwenye nywele za aina hiyo, ilhali «huduma nzuri» haimwelezi mtu chochote. Kwa sababu hiyohiyo ni vyema mteja ataje jina la fundi kwa hiari yake, kwani msomaji atajua amwombe nani atakapopanga miadi.

Ziko njia za mkato ambazo huleta hasara. Kutoa punguzo la bei au kuosha nywele bure ili mtu aandike maoni kunakatazwa na kanuni za Google, kama ilivyo kwa kuandika maoni juu ya biashara yako mwenyewe au ya mwajiri wako. Kanuni hizo zinakataza pia kuwachagua wateja walioridhika na kuwaomba wao tu, huku wenye malalamiko wakielekezwa kwenye kisanduku cha faragha. Kwa hiyo ujumbe wako utumwe kwa kila aliyekaa kitini, pamoja na yule aliyenyamaza mbele ya kioo. Yelp, tovuti nyingine ya maoni ya wateja, ina msimamo mkali zaidi, kwani huwataka wenye biashara wasiombe maoni kabisa. Sheria nazo zimeanza kubana: nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza ikapiga marufuku maoni bandia kuanzia Aprili 2025. Maoni 30 yakimiminika katika siku moja kwenye wasifu uliokuwa kimya mwaka mzima, hata mtu asiyejua kanuni hizo atatilia shaka. Mawili au matatu kila wiki yanaaminika, na yanaonyesha kwamba saluni ingali na wateja.

Maoni yakishaingia, yajibu yote. Kwa sifa, sentensi moja inatosha, mradi iguse alichosema mteja. Kwa lalamiko, subiri hasira zako zipoe, kisha kumbuka kwamba wasomaji wa jibu lako ni wengi kuliko yule aliyelalamika, na wanapima utakavyowatendea wao siku mambo yakienda kombo. Tuseme mteja ameandika: «Nilikuwa na miadi ya saa nne, nikaanza kuhudumiwa saa sita.» Jibu linalofaa ni kama hili: «Dada, pole sana kwa kukuweka saa mbili. Mteja aliyekutangulia alichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, nasi hatukukupigia simu kukuarifu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya. Tafadhali tupigie kwa namba ya saluni ili tuzungumze.» Hapo hakuna kisingizio kirefu wala mabishano juu ya dakika. Mteja anaweza kuyahariri maoni yake baadaye, na wapo wanaofanya hivyo wakitendewa haki, lakini usiweke kuyabadilisha kuwa sharti la kumsaidia.

Katika kujibu, tunza siri za kitini. Fundi huona mba, vipara vinavyoanza na nywele zinazokatika kwa maradhi au baada ya uzazi, na wakati mwingine ukweli huo ndio utetezi wake mzuri kuliko wote. Hata hivyo, asiuandike hadharani. Anayesoma kwamba saluni ilitangaza maradhi ya ngozi ya mteja hatajali nani alikuwa na haki. Ataogopa kwamba siku moja itakuwa zamu yake.

Maoni kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga saluni yako yanaweza kuripotiwa kupitia wasifu, ingawa hayataondolewa kwa sababu tu hukuyapenda. Ni lazima yawe yamevunja kanuni, kwa mfano kwa kuwa ya uongo uliopangwa, ya matusi au yasiyohusu biashara. Yakiripotiwa, andika pia jibu fupi la heshima kwamba hukupata kumbukumbu ya miadi hiyo, kwani uchunguzi huweza kuchukua muda.

Mara moja kwa mwezi, keti na mafundi wote muyasome maoni kwa sauti, mkitafuta neno linalojirudia. Wateja watatu wakitaja kusubiri, tatizo liko kwenye daftari la miadi: huenda rasta ndogo zinazochukua saa sita zimeandikiwa saa nne, na kila anayefuata analipia kosa hilo kwa muda wake. Wakitaja maumivu ya kichwa, mtazameni anayeanzisha msuko kwenye paji la uso, kwa kuwa hapo ndipo nywele ni laini zaidi na ndipo mkono mzito hujulikana upesi.