Somo: Kujibu "Kwa nini unataka kuacha kazi uliyonayo?" kwenye usaili

Ukiomba kazi huku una kazi nyingine, swali hili jiandae nalo. Nimekaa upande wa wasaili na kuona watu wenye sifa zote wakiangukia hapa. Mtu amejibu vizuri maswali ya kitaaluma, akifika kwenye hili anaanza kumsema bosi wake. Jopo halina namna ya kumsikiliza huyo bosi, kwa hiyo haliwezi kujua nani ana haki. Linachojiuliza ni siku gani na sisi tutasemwa hivi.

Hatua ya 1: Andika sababu zako zote. Mshahara mdogo, umbali, bosi mkali, mkataba unaoelekea ukingoni, cheo kisichopanda. Ziandike bila kujidanganya, kisha chagua moja ambayo ni ya kweli na ambayo kazi mpya inaitatua. Ukisema unatafuta kupanda cheo wakati nafasi unayoomba ni ya ngazi ileile uliyonayo, umejimaliza mwenyewe.

Hatua ya 2: Zungumzia zaidi unakokwenda. Tuchukue mhasibu msaidizi wa duka la jumla Kariakoo anayeomba kazi kiwandani:

"Nilipo nimejifunza kusuluhisha hesabu za benki na kuandaa ritani ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20. Ninachotaka kubobea ni hesabu za gharama za uzalishaji, na sisi dukani hatutengenezi kitu, tunauza tu. Ninyi mna kitengo hicho, ndiyo maana nimeomba."

Hakuna aliyelaumiwa hapo, na hakuna uongo. Ila ukijibu hivi, jua swali linalofuata litakuwa la gharama za uzalishaji. Kajisomee kabla.

Hatua ya 3: Mshahara usiutangulize. Kutaka kipato kizuri si aibu, lakini kukiwa sababu pekee, jopo litaona kwamba atakayekuongezea kidogo atakuchukua. Utaje baada ya sababu ya kikazi, kwa sentensi moja.

Hatua ya 4: Jua notisi yako. Mara nyingi utaulizwa unaweza kuanza lini. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28 akishamaliza mwezi wa kwanza kazini, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Anayejibu "hata kesho" anadhani ameonyesha ari, kumbe ameonyesha jinsi anavyoaga waajiri.

Hatua ya 5: Lifanyie mazoezi kwa sauti. Dakika moja inatosha. Ukimaliza, nyamaza, hata wakikaa kimya wakikutazama. Malalamiko mengi hutoka kwenye ukimya huo.

Maswali ya wanachama

*Mwajiri wangu hapeleki michango yangu NSSF. Ndiyo sababu yangu hasa. Niitaje?*

Lalamiko lenyewe lipeleke NSSF, maana wao wana mamlaka ya kumdai. Kwenye usaili sema unatafuta mwajiri mwenye utaratibu kamili wa ajira. Wakichimba, waambie ukweli kwa sentensi moja, bila hasira, urudi kwenye hatua ya 2.

*Kampuni ilipunguza watu, nami nikiwemo. Nijifanye bado nipo kazini?*

Usithubutu, ndugu yangu. Simu moja tu inatosha kukuumbua. Kupunguzwa si kosa lako, sema hivyohivyo. Sheria inakupa haki ya cheti cha utumishi unapoondoka. Kama hukupewa, kakidai na uende nacho.

*Naondoka kwa sababu bosi ananitaka kimapenzi ndipo anipandishe cheo. Nasemaje mbele ya jopo?*

Pole sana dada. Huna wajibu wa kuwasimulia watu usiowajua jambo hilo. Toa sababu yako ya kikazi, inatosha, na hujamdanganya mtu. Lakini anachofanya ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, simu ya bure. Tunza meseji zake zote.

*Wakitaka kumpigia bosi wangu wa sasa, naye hajui kama natafuta?*

Waambie waziwazi: "Naomba mumpigie baada ya kunipa ofa. Kwa sasa naweza kuwapa namba ya msimamizi wangu wa kazi iliyopita." Huyo msimamizi mtaarifu mapema, asishtukizwe na simu.