SOMO: Kupunguza dizeli na moshi kwa sola bila kuuza jenereta

Wakuu, mfano wetu ni gesti ya kisiwani, hakuna gridi, jenereta ya kilowati 10 inanguruma saa 24 kisa friza, taa, tv na pampu. Matumizi unit 24 tu kwa siku (unit 1 ni kilowati 1 kwa saa nzima), yaani wastani wa kilowati 1 tu.

1. Pima jenereta inakunywa kiasi gani. Jaza tenki mpaka shingoni, washa saa moja na mzigo wa kawaida, zima, jazia kwa jagi la lita moja huku unahesabu. Saizi hiyo ikibeba mzigo wote inakula kama lita 3.3 kwa saa, yaani 0.33 kwa unit, ila ikibeba kilowati 1 bado inakunywa zaidi ya lita 1 maana injini inajizungusha yenyewe kwanza ndo ikupe wewe. Hapo gesti inachoma kama lita 25 kwa siku kwa kazi ya lita 8, na masizi juu.

2. Kazi zote zinazohamishika zipeleke mchana. Pampu ijaze simtank saa sita, friza zijazwe chupa za maji zigande kwa umeme wa jua, usiku zinashikilia baridi zenyewe. Hiyo nayo ni betri, tena ya bei ya chupa tupu. Watu wanairuka hatua hii halafu wanalia betri ghali.

3. Paneli: kilowati 5 × masaa 5 ya jua × 0.75 (vumbi, joto, hasara za inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa sola uwe wa kawaida) = unit kama 19.

4. Betri ya lithiamu unit 10. Za asidi weka karibu mara mbili, ukizishusha chini ya nusu kila siku unaziua.

5. Jenereta iwake pale tu betri ikifika asilimia 20, ichaji kwa nguvu huku inabeba friza, ikimaliza zima. Ni kama lita 2 kwa siku. Kila lita inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, so umetoka kilo 67 umefika 5 na ushee.

MASWALI

– Mkuu lita moja ya dizeli haifiki hata kilo, hizo 2.7 zinatoka wapi?
Kaboni inajishika na oksijeni ya hewani bosi, uzito mwingi ni wa hiyo oksijeni.

– Kwa nini nisiongeze paneli na betri nikaachana na dizeli kabisa?
Inawezekana, ila masika mawingu yakikaa siku tatu utahitaji betri ya siku tatu, na hiyo betri mwaka mzima uliobaki imekaa tu. Zile lita za mwisho ndo ghali kuliko zote kuziondoa.

– Mi nipo Dar natumia Tanesco, inanihusu?
Kwenye moshi kidogo tu kaka, gridi sasa ina bwawa la Nyerere megawati 2,115, inayobaki nyingi ni gesi. Wewe anza na hatua ya 2, yaani friza na pasi ya nguo.