Kufundisha ulinganisho wa Kiingereza kwa mada ya boda na teksi

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kulinganisha. Kinachomsumbua kwenye Kiingereza ni alama. Tunasema "boda ni ghali kuliko teksi", kivumishi hakiguswi, "kuliko" inamaliza kazi. Kiingereza kinadai alama mbili: kivumishi kibadilike, kisha "than" ifuate. Ndiyo maana darasani utasikia "cheap than", iliyopungukiwa alama, au "more cheaper than", iliyozidisha. Somo hili ni la dakika 80, kwa watu wazima wapatao 20. Vifaa ni ubao, chaki na vipande vya karatasi.

Hatua ya 1: Toa mada yenye uamuzi (dakika 10)

Ukisema tu "linganisheni boda na teksi", utapata sentensi mbili kisha kimya. Wape shida ya kutatua: mama yuko Kisenyi, Kampala, na watoto wawili na gunia la kilo 50 la unga wa posho (ugali), anakwenda Ntinda, mtaa mwingine wa jiji hilo, ni saa kumi na moja jioni na mvua inakaribia. Apande boda, apande teksi ya abiria 14, au akodi gari? Waliotoka Kenya waeleze mapema kwamba teksi ya Kampala ndiyo matatu yao. Nauli usiandike wewe, waulize wao. Watabishana, na ubishi huo ndio unaoutaka.

Arsenal na Manchester United waache nje. Kelele zitakuwa nyingi, lakini kivumishi kitakachotoka ni "better" tu. Usilinganishe pia miili ya wanafunzi wala makabila yao.

Hatua ya 2: Vivumishi vinane na makofi (dakika 20)

Andika: cheap, fast, safe, wet, dirty, expensive, dangerous, comfortable. Kila silabi ni kofi moja. Neno la kofi moja huongezwa -er: cheaper, faster. "Safe" ina e tayari, inaongezwa r tu. "Wet" ina irabu fupi moja na konsonanti moja mwishoni, kwa hiyo t inarudiwa: wetter. "Dirty" ina makofi mawili lakini inaishia na y, inakuwa dirtier. Yenye makofi matatu na kuendelea hutanguliwa na "more", na mwisho wake hauguswi.

Hapa ndipo somo huharibika. Silabi za Kiswahili huishia na irabu, basi mwanafunzi hutamka "chipu" na "fasti", anapiga makofi mawili, halafu anasema "more cheap" akidhani amefuata kanuni. Tamka wewe kwanza, kofi moja, wao warudie, ndipo wahesabu. "Better" na "worse" ziweke pembeni mwa ubao. Hazina kanuni, hukaririwa.

Hatua ya 3: Sentensi nzima mdomoni (dakika 10)

Kivumishi na "than" zitoke kwa pumzi moja: "cheaper than a taxi". Sauti ya mwanzo ni dh ya "dhahabu". Baadhi ya waliokulia Kongo husema "zahabu", na hao watasema "zan". Waonyeshe ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu. Wakiandika "then", sahihisha papo hapo, maana kosa hilo likizoeleka ni gumu kuling'oa.

Hatua ya 4: Mjadala (dakika 25)

Vikundi vya watu wanne. Kila mtu ana vipande vitatu vya karatasi, na anaweka kimoja mezani kila anapotoa sentensi ya ulinganisho yenye "because". "A boda is faster than a taxi because it passes between cars." Aliyemaliza vipande hunyamaza. Bila vipande hivyo, wasemaji wawili watakula muda wote. Mwishoni kikundi kiamue mama apande nini. Wewe zunguka na daftari, andika makosa, usimkatize mtu.

Hatua ya 5: Masahihisho (dakika 15)

Andika ubaoni makosa matano au sita bila majina, wayarekebishe wawili wawili. Mawili hayakosekani. La kwanza ni "a taxi is easier than a boda" kwa maana ya nauli, kwa sababu "rahisi" yetu inabeba bei na wepesi pamoja. La pili ni "the price is cheaper": kitu ndicho huwa cheap, bei huwa low, kwa hiyo "the price is lower".

Ulinganisho wa vitu vitatu usiuchanganye humu. Uache kwa kipindi kijacho na uanze na milima, kwa kuwa jibu lina namba: Muhabura mita 4,127, Elgon 4,321, Margherita (kilele cha Rwenzori) 5,109. Hapo "the" ndiyo itakayosahauliwa, kwani Kiswahili hakina kitu kama hicho. Idai kila mara: "Margherita is the highest." Baada ya hapo warudi kwenye mambo yasiyo na jibu moja, kama posho, matooke na wali.