Kulinganisha risasi za bunduki ya kuwindia: soma jedwali kuanzia kulia

Ninaowafundisha kulenga huuliza sana: kati ya risasi za .308 Winchester na 6.5 Creedmoor, ipi inafika mbali? Kufika, zote zinafika, hata kupita kilomita moja. Umbali unaofaa ni jambo jingine. Unaishia pale kichwa cha risasi kinapokosa kasi ya kufanya kazi yake, au pale wewe unapokosa uhakika kitatua wapi.

Chukua jedwali la mtengenezaji, linaloonyesha kasi ya kichwa kwa kila umbali. Wengi hutazama safu ya kwanza, kasi ya mdomoni mwa mtutu, wakaridhika. Mimi huanzia safu za kulia, za mita 300 na kuendelea. Nishati utaipata mwenyewe: chukua uzito wa kichwa kwa gramu, zidisha kwa kasi ya mita kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo, ugawe kwa 2000, jibu ni juli. Kichwa cha shabaha cha .308 chenye gramu 10.9 kikitoka kwa mita 808 kwa sekunde kina juli 3558 hivi. Cha 6.5 chenye gramu 9.1, kwa mita 826, kina 3104 hivi. Hapo .308 inaongoza. Ukifika mita 500, mambo yamegeuka: 6.5 ni nyembamba na ndefu, inapasua hewa vizuri, hivyo imebaki na kasi na nishati zaidi, na upepo umeisukuma kidogo kuliko mwenzake. Siri hiyo imo kwenye namba ya BC, kipimo cha jinsi kichwa kinavyopasua hewa. Ikiwa kubwa, kasi hupotea polepole.

Linganisha vichwa vya aina moja, cha kuwindia kwa cha kuwindia. Angalia pia urefu wa mtutu uliotumika kupimia, maana mtutu wako ukiwa mfupi zaidi, kasi yako itakuwa ndogo kuliko ya jedwali.

Risasi ya .30-30, ya tangu 1895, ni mfano mzuri wa umbo la kichwa kupunguza umbali. Bunduki zake nyingi hupanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, kwa hiyo vichwa hufanywa butu kwa usalama, ncha isije ikaifyatua ile ya mbele yake. Ubutu huo hula kasi. Kwa mnyama wa wastani naiheshimu hadi mita 150, labda 200.

Kwa uwindaji, tafuta kasi ya chini ambayo kichwa bado kinatanuka kinapompiga mnyama. Kwa vingi ni karibu mita 550 kwa sekunde. Tia alama kwenye jedwali mahali kasi inaposhukia hapo.

Kisha nenda uwanjani. Piga goti, usiegemee meza, ulenge duara la sentimita 20, kadiri ya eneo la moyo na mapafu ya swala mkubwa. Kundi la sentimita 10 kwa mita 100 linakuwa 30 kwa mita 300, hata bila upepo. Umbali ambao risasi zako zote bado zinaingia duarani, uandike kando ya ile alama ya jedwali. Ulio mfupi kati ya hiyo miwili ndio wa kumfyatulia mnyama. Majeruhi anayekimbilia vichakani huteseka kwa saa nyingi, na hakuna jedwali linalohalalisha hilo.