Mwenyeji wa Tanga, Tongoni umefika?

Wengi wetu mgeni akija tunamkimbizia mapango ya Amboni, basi, kesi imeisha. Jumamosi hii panda gari la Pangani, shuka Tongoni, kilomita kama 17 tu kusini ya mji.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe na chokaa, baadhi yana minara, mingi imeshaanguka. Usipige picha ukaondoka. Sogelea kuta za makaburi utafute vishimo vya duara: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Bakuli zenyewe karibu zote zimeng'olewa, lakini alama ya kitako bado unaipapasa kwa kidole. Kwenye pwani hiyohiyo, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael, mabaharia wa kuiendesha walikuwa wamepukutika kwa maradhi.

Kiingilio lipa, udai risiti.

Ukitoka hapo teremka ufukweni. Ukibahatika kumkuta fundi anakalafati mashua, mwamkie kwanza, umwache amalize ubao alioushika, ndipo umuulize anavyosokomeza pamba kwenye maungio ya mbao maji yasipenye. Mafundi wa pwani wakishaamkiwa vizuri hawana uchoyo wa maneno. Watoto nao wabebe, ila wasipande juu ya makaburi.