Kutoa rekodi ya hali ya hewa na mwanga wa siku moja iliyopita: mfano wa New York, 1 Septemba 2021

Mfano tunaoutumia ni siku ya mwisho mwisho wa majira ya joto, ambayo mabaki ya kimbunga Ida yaliifurikisha New York. Nimeichagua makusudi: mvua kubwa ilinyesha usiku, karibu na mpaka wa tarehe, na hapo ndipo wengi hukosea.

Hatua ya 1: Chagua kituo, si mji

"New York" haina kipimo. Kituo ndicho chenye kipimo. Chukua kituo cha bustani ya Central Park, namba USW00094728, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia 1869. Herufi tatu za mwanzo zina maana: USW ni vituo vikuu, USC ni vya wasomaji wa kujitolea wanaosoma vipimo mara moja kwa siku, US1 ni mtandao wa raia wenye vipima mvua nyumbani. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua USW.

Tovuti zinazokupa "hali ya hewa ya zamani" ya mahali popote duniani ziache. Nyingi hutumia makadirio ya kompyuta kama ERA5, ambayo kila kisanduku chake kina upana wa takribani kilomita 31. Hayo yanafaa kwa mwelekeo wa miaka, lakini mvua ya dhoruba iliyokaa juu ya mtaa mmoja huyayuka humo.

Hatua ya 2: Pakua faili

Nenda NCEI, ghala la takwimu la NOAA (taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa), tafuta GHCN-Daily (mkusanyiko wa vipimo vya kila siku vya vituo), pakua CSV (faili ya jedwali) ya kituo.

Hatua ya 3: Soma vizio kabla ya kusoma namba

PRCP ni mvua, TMAX na TMIN ni joto la juu na la chini. Vyote hivi vimeandikwa kwa sehemu za kumi: mvua kwa sehemu za kumi za milimita, joto kwa sehemu za kumi za nyuzi za Selsiasi. Mvua ya siku yetu ni 1811, maana yake milimita 181.1, sawa na inchi 7.13. Ukiagiza kupitia fomu ya tovuti badala ya kupakua faili, unaweza kupewa vizio vingine, kwa hiyo usigawanye kwa 10 kwa mazoea.

Seli tupu si sifuri. Kwenye faili za zamani za .dly pengo huandikwa -9999, nayo ikiingia kwenye wastani utapata Septemba yenye barafu. Herufi T kwenye safu ya sifa ni manyunyu yasiyofikia kupimika. Herufi yoyote kwenye nafasi ya pili ya sifa hizo inaonyesha kipimo kimeshindwa ukaguzi: kiache.

Hatua ya 4: Siku inaanza saa ngapi?

Hii ndiyo hatua inayokula muda, basi twende taratibu.

Mvua kali kuliko zote ilinyesha kati ya saa 2:51 na saa 3:51 usiku: inchi 3.15, takribani milimita 80, ndani ya saa moja. Kipimo hicho kimoja kinaonekana hivi:

- Saa ya ukutani New York: 1 Septemba, 21:51
- Faili za LCD (vipimo vya kila saa vya vituo vya Marekani), zinazofuata saa sanifu, yaani bila kuongeza saa moja ya majira ya joto, mwaka mzima: 1 Septemba, 20:51
- Faili za ISD (vipimo vya kila saa vya vituo vya dunia), zinazofuata UTC, yaani saa ya dunia: 2 Septemba, 01:51
- Nairobi au Dar es Salaam: 2 Septemba, saa 10:51 alfajiri

Ukichuja ISD kwa tarehe 1 tu, unaipoteza dhoruba yenyewe. Na si hilo tu. Siku ya kituo hiki huhesabiwa kwa saa sanifu, kwa hiyo wakati wa majira ya joto inaanza saa 7 usiku na kuisha saa 7 usiku unaofuata, kwa saa ya ukutani. Kwa UTC ni kuanzia 05:00 hadi 05:00. Ukijumlisha mwenyewe kutoka ISD, chukua mistari ya 05:51 tarehe 1 hadi 04:51 tarehe 2.

Jumla yako bado inaweza kupishana kidogo na ya siku, kwa sababu mistari hukatwa dakika ya 51, si saa kamili. Ikipishana sana, tafuta makosa mawili. La kwanza, umejumlisha taarifa za dharura za katikati ya saa. Hizo zinabeba mvua iliyokusanyika tangu dakika ya 51 iliyopita, hivyo unaihesabu mara mbili. La pili, umeingiza jumla za saa 6. Kwenye ISD, tarakimu mbili za kwanza za kipengele cha AA1 (cha mvua) ni idadi ya saa ambazo mvua hiyo ilikusanywa: bakiza 01 tu.

Vituo vya USC vina tatizo lao. Msomaji anayesoma saa 1 asubuhi tarehe 2 huandika tarehe 2, ingawa mvua ilinyesha usiku wa tarehe 1 na joto la juu lilikuwa la mchana wa jana yake. Muda wa kusoma uko mwisho wa safu ya sifa: 0700 ni asubuhi, 2400 ni usiku wa manane. Usiwahi kulinganisha vituo viwili bila kuuangalia.

Hatua ya 5: Mwanga

Hapa tumia kikokotoo cha jua cha NOAA: latitudo 40.78, longitudo -73.97 (magharibi ni hasi), na weka alama ya saa za majira ya joto. Macheo ni takribani 6:23, yaani saa 12:23 asubuhi. Machweo 19:28, yaani saa 1:28 jioni.

Kuhakiki kwenye lahajedwali, deklinesheni ya jua (pembe yake kaskazini mwa ikweta) siku hiyo ni nyuzi 8.0:

=2/15*DEGREES(ACOS((SIN(RADIANS(-0.833))-SIN(RADIANS(40.78))*SIN(RADIANS(8)))/(COS(RADIANS(40.78))*COS(RADIANS(8)))))

Jibu ni 13.08. Hiyo ni saa 13 na dakika 5, si dakika 8. Ile -0.833 inatokana na kupinda kwa mwanga hewani na nusu ya upana wa jua; ukiiacha, mchana unapungua dakika kadhaa. Utusitusi unaotosha kuona njia hudumu kama dakika 28 zaidi, mpaka karibu saa 2 kasoro dakika 4 usiku. Kwa hiyo saa ile ya milimita 80 ilianza giza likiwa limeshaingia.

Hatua ya 6: Kabla ya kuandika "rekodi"

Sema rekodi ya nini. Inchi 3.15 zilivunja rekodi ya kituo ya saa moja, iliyokuwa 1.94, iliyowekwa siku 11 tu kabla, tarehe 21 Agosti. Inchi 7.13 hazikuvunja rekodi ya siku: hiyo ni 8.28, ya 23 Septemba 1882.