Namna ya kuipa AI kazi kwenye biashara yako ndogo, anzia kwenye daftari

Wafanyabiashara wenzangu, wengi tukisikia AI, yani akili mnemba, tunawaza maroboti na makampuni makubwa, wakati ChatGPT, programu ya AI unayoiandikia nayo inakujibu, toka itoke Novemba 2022 inafunguka kwenye simu hii hii tunayojibia wateja, Gemini ya Google nayo ipo, na ndani ya WhatsApp watu kibao wanakaona kale kaduara ka Meta AI, na zote unaweza kuanza nazo bure, gharama yako ni bando tu. Mi nauza mashuka, mzigo nachukua Kariakoo nauza WhatsApp na Insta, na kosa nililoanza nalo naona karibu wote tunalifanya: unaandika "nisaidie kukuza biashara yangu", inakushushia mistari ishirini, toa huduma bora, wajue wateja wako, jitangaze mtandaoni, unafunga unasema hamna kitu humu. Sasa itakusaidiaje na haikujui? Haijui unauza nini, unanunua shilingi ngapi, wala kama mteja wako yuko Mbagala au Mwanza.

Kwahiyo anza na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumeisikia toka wadogo, na huku ndo inauma kweli. Andika wiki mbili tu, kila siku ulichouza, ulichonunua, nauli, mifuko, hela ya bodaboda, makato ya kutoa pesa kwenye simu, hata ile elfu mbili uliyochomoa ukanunua chips iandike. Alafu piga picha kurasa, mchana kwenye mwanga, mpe AI umwambie "soma hizi kurasa, nipangie kwenye jedwali lenye tarehe, bidhaa, bei ya kununua, bei ya kuuza na matumizi, pale usipoelewa mwandiko niulize usikisie". Hilo neno usikisie usiliache. Kwenye mwandiko wangu 1 na 7 ni mapacha, iliwahi kunisomea 11,000 kama 17,000 na ingenipa faida hewa kama nisingerudi kwenye daftari, kwahiyo pitia mstari kwa mstari na jumla kuu piga mwenyewe kwa kikokotoo, hizi programu hesabu huwa zinakosea na zinakosea kwa kujiamini.

Jedwali likishakuwa sawa uliza swali moja la hela, mfano "kila seti ya mashuka inaniachia shilingi ngapi baada ya matumizi yote?" Mi seti 10 nilichukua kwa 180,000, yani 18,000 moja, nauza 25,000, kichwani najua nina faida ya 7,000. Ukitoa bajaji ya mzigo 8,000 ukigawa kwa kumi ni 800, mfuko 500, imebaki 5,700. Na nilikuwa natangaza delivari bure ndani ya Dar, bodaboda nalipa 3,000 mimi, imebaki 2,700! Miezi nauza sana na mtaji haukui, nikawa nawaza labda nimerogwa. Siku hiyo hiyo niliacha delivari bure kwa anayechukua seti moja, ukichukua tatu nakuletea, na watu wakaanza kuchukua tatu.

Kingine ni meseji. Kopi maswali ya wateja ya mwezi mzima, FUTA majina na namba za simu kwanza, pesti mwambie ayapange kwa mafungu, lipi linaulizwa sana. Ya kwangu yalikuwa ni saizi (hii inaingia sita kwa sita?), inachuja?, na unatuma mkoani? Sasa jiulize kwanini watu mia wanauliza saizi, ni kwa sababu hujaiandika kwenye picha. Iandike. Yanayobaki mwambie akuandikie majibu mafupi, uyarekebishe, uyaweke kwenye yale majibu ya haraka ya WhatsApp Business, unagusa / na neno moja jibu linatokea lote, mteja wa saa tano usiku anapata jibu kabla hajaenda kwa jirani.

Kapsheni sasa, hapa uwe mkali. Kiswahili chake ukikiacha kama kilivyo ni cha tangazo lililotafsiriwa, mi ilinipa "Inua usingizi wako na mashuka yetu ya kipekee", nani anaongea hivyo Kariakoo? Dawa yake mpe kapsheni zako tano za zamani zilizouza, mwambie "andika kama hizi, fupi, anza na bei". Ikaja "25,000 tu, sita kwa sita, foronya mbili ndani, rangi zimebaki tatu", nikabadilisha neno moja nikapost. Na usikubali akuongezee sifa ambayo hukuitaja, kuna siku iliandika pamba asilimia mia mi nikapitisha bila kusoma vizuri, dada mmoja akanunua akaligusa tu akajua, nikamrudishia hela yake yote na nikamwomba radhi. Picha pia piga za mzigo wenyewe, shuka la kuchorwa na AI linang'aa kuliko lile utakalompelekea na huyo mteja humpati tena.

Kuhusu zile namba za simu nilizosema futa, sio ushamba. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na mteja alikupa namba umpelekee mashuka, hakukupa uipeleke kwingine. Kwahiyo jina, namba, anapoishi, picha ya muamala, PIN yako ya simu, hivyo vyote visiingie humo hata siku moja, mwite tu mteja wa 1, mteja wa 2, kazi inafanyika vilevile.